Tupa Ndani ya Buti

Tulikuwa waoga sote. Mtu yeyote aliyeishi mjini kwetu wakati wa vita akikuambia hakuogopa, mwambie Glafira kasema wewe ni mwongo. Tuliogopa kuchelewa kazini, maana kuchelewa kulikuwa kesi. Tuliogopa kupoteza kadi ya mkate. Tuliogopa kucheka pasipostahili, na kunyamaza pale ambapo wenzetu wanapiga makofi. Mjerumani mwenyewe alikuwa mbali, hata ndege zake hazikutufikia huku Urali, ndani kabisa ya Urusi, lakini hofu haikuwa na haja ya ndege. Ilikuwa imeshahamia majumbani, inakula na sisi meza moja.

Mzee Yefim Savvich aliletwa chumbani kwangu vuli ya kwanza ya vita. Sikumwomba. Mtu wa kamati ya nyumba aligonga mlango akasema, "Glafira, mumeo yuko vitani, kwa hiyo nafasi unayo," kisha akamsukuma ndani mzee mmoja mwembamba, masharubu ya kijivu, kifurushi kimoja mkononi. Nilikasirika kwelikweli. Chumba chenyewe ukijigeuza vibaya unaungua na jiko! Nikatundika shuka katikati, nikamwonyesha upande wake, nikamwambia akikoroma namtoa akalale na theluji.

"Sikoromi, mwanangu," akasema. "Nasaga meno tu."

Na kweli alisaga, nikazoea. Nikawa namwita Mjomba Savvich, kama walivyomwita wenzake wa kiwandani.

Alikuja pamoja na kiwanda. Vijana wa siku hizi nikiwaambia hivyo wananikodolea macho. Kiwanda kizima cha injini za ndege kilifunguliwa nati kwa nati huko magharibi kabla adui hajafika, kikapakiwa kwenye mabehewa, na mafundi na wake zao wakasafiri wamelala juu ya mashine mpaka huku kwetu. Mke wa Mjomba Savvich hakufika. Homa ilimmaliza njiani, wakamshusha kwenye stesheni ambayo mzee hakulijua hata jina lake, treni ikaondoka. Hilo alinisimulia mara moja tu, na sikumwuliza tena. Mashine zilianza kuzunguka kabla kuta hazijasimama, theluji ikituangukia mabegani, na sisi wanawake wa mji, tuliokuwa wauza duka na wafua nguo, tukaambiwa kuanzia leo ninyi ni watengeneza injini.

Mjomba Savvich hakupenda nijiite hivyo. Alisema mimi sitengenezi injini, mimi nakaza nati. Alisema kweli. Zamani, kwao, injini moja ilikuwa ya fundi mmoja na wasaidizi wake. Wanaijenga kuanzia mwanzo hadi mwisho, kila kipande wanakijaribu, kikikaza wanakisugua kwa tupa kidogo, wanakijaribu tena, wanasugua tena, mpaka kikae chenyewe bila kulazimishwa. Halafu kila kitu kinaoshwa kwa mafuta ya taa, kinafungwa. Injini ya namna hiyo ilichukua muda wake. Vita havikuwa na muda. Sasa injini ilisogea juu ya reli ndogo kutoka benchi hadi benchi, na kila mtu alikuwa na kijikazi chake kimoja. Huyu anaosha vipande kwenye pipa, yule anaweka pistoni, mimi nakaza nati kwa spana na kuzifunga waya zisilegee. Zilitoka injini nyingi mno. Kwenye ukuta palikuwa na ubao mkubwa wa kuonyesha tumefikia wapi, na ubao ule nao tuliuogopa.

Mhandisi Berdnikov, aliyeuongoza mstari wetu, alikataza tupa. Alikuwa kijana, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alipita benchi hadi benchi na sanduku, akazikusanya tupa zote. Wale mafundi wa zamani walizitoa kama wanatoa jino. Mjomba Savvich akamwuliza, sasa kipande kikikaza, tukisukume kwa tumbo? Mhandisi hakukasirika. Akamweleza mbele yetu sote kwamba injini ikiharibika kule vitani, fundi wa uwanja wa ndege anachukua kipuri sandukuni, anakiweka, ndege inaruka. Kipuri kilichosuguliwa kwa mkono kinaingia kwenye injini moja tu duniani. Kisichoingia, kreti nyekundu, kirudishwe kilikotoka. Basi.

Mimi nilimwelewa. Nadhani hata Mjomba Savvich alimwelewa kwa kichwa. Lakini jioni ile hakula supu yake ya kabichi, alikaa upande wake wa shuka akitazama viganja.

Tupa aliyoitoa siku ile ilikuwa ya kiwanda. Ya kwake hakuitoa. Ilikuwa tupa nyembamba, tumbo la mviringo, mpini wa mti mweupe uliolainika kwa jasho, na alikuwa ameirithi kwa baba yake, fundi naye. Aliiweka ndani ya buti lake la sufi, pale ambapo sisi sote tuliweka kijiko, maana ukienda kantini bila kijiko chako utakula uji kwa vidole. Walinzi wa getini waliwapapasa watu wanaotoka, wasije wakaiba. Anayeingia au kutoka na mpini umechungulia butini, kama wa kijiko, nani amjali? Nilijua anayo. Nilidhani anaibeba tu, kama mtu anavyobeba picha ya marehemu.

Pipa la kuoshea vipande lilikuwa la Taisia. Tulimwita Taya, au tuseme mimi ndiye niliyemwita Taya, kwa kuwa wengine hawakumwita kabisa. Baba yake alikuwa amekamatwa miaka michache kabla ya vita, akaitwa adui wa watu, hakurudi. Hapo hakuna aliyeuliza kosa gani. Watu walikaa mbali na yule msichana, hata kwenye benchi la kantini palibaki nafasi kila upande wake. Mikono yake ilikuwa imepasuka kwa mafuta ya taa na baridi. Nilimtania, nikamwambia ukiwasha kiberiti wewe tutakupoteza, naye akacheka kwa kuficha mdomo, akaangalia nani kamwona.

Januari baridi ilizidi. Visu vya mashine za kukereza vilikuwa butu na vipya havikuja, kwa hiyo vipande vilianza kufika vimekaza, hasa bushi, yale mapete ya shaba ambamo pini ya pistoni inacheza. Bushi ikikaza, kreti nyekundu. Kreti ikajaa. Mstari ukasimama. Mkuu wa zamu anapiga kelele, ubao wa ukutani unatuaibisha, na mwisho wa mwezi unakuja. Halafu, sijui vipi, mambo yakalainika. Kwenye benchi la Mjomba Savvich bushi zikawa zinaingia. Mkuu wa zamu akamsifu mbele ya watu, tukaongezewa uji wa shayiri. Mimi nilikula uji ule kwa furaha, sikuuliza lolote.

Kisha siku moja mchana, kwenye banda la majaribio, injini moja ikakwama.

Kule kila injini iliungurumishwa kabla ya kupakiwa. Hii iliunguruma vizuri, halafu ikapiga mlio ambao hata sisi tuliokuwa ng'ambo ya ukuta tuliusikia, ikanyamaza. Walipofungua kichujio cha oili wakakuta kinametameta. Vumbi la shaba. Wakafungua cha injini iliyofuata, safi. Cha tatu, kinametameta. Mhandisi Berdnikov alikuja kwenye mstari wetu na kile kichujio kwenye kiganja, uso umempauka. Akaangalia mabenchi moja baada ya jingine, akaondoka.

Kesho yake akaja kapteni wa Idara Maalumu, wale wa polisi wa siri. Huyu hakupiga kelele hata siku moja. Alikuwa na sauti ndogo, kikohozi cha mtu mwenye mafua, na leso safi. Alikaa kwenye chumba chenye kioo juu ya ngazi, akatuita mmoja mmoja. Aliniuliza nani anaosha vipande. Nikasema Taisia. Akaniuliza baba yake yuko wapi. Nikasema sijui, na kweli hakuna aliyejua. Akashukuru, akapenga kamasi, akaniambia niende.

Hesabu yao ilikuwa rahisi. Vipande vinatoka kwenye pipa la Taya vikiwa safi, ndiyo kazi ya pipa. Ikiwa ndani ya injini kuna vumbi la shaba, basi hakuosha, au ameosha na kisha ametia vumbi. Na ni nani? Binti wa adui. Walimchukua pale pale penye pipa, mchana kweupe, mikono inatiririka mafuta ya taa. Hakulia. Aliuliza kama anaweza kuchukua kitambaa chake cha kichwa, wakamwambia hatakihitaji. Sote tukainamia kazi zetu. Nilikaza nati moja mpaka nikaikata.

Nilipofika nyumbani zamu ilipoisha, Mjomba Savvich alikuwa ameketi sakafuni, mgongo kwenye jiko, koti hajavua. Nilikuwa na viazi vilivyoganda, nikaanza kuvimenya.

"Glafira," akasema, "ile shaba ni yangu."

Kisu kikanitoka mkononi. Ukuta wetu na jirani ulikuwa wa ubao, akikohoa yeye unaitikia afya wewe. Nikaufungulia mfereji wa maji utoe kelele, nikachuchumaa karibu yake, nikamwambia anong'one.

Akaninong'oneza. Bushi iliyokaza hakuweza kuitupa kwenye kreti. Alijaribu, akasema, mkono ulikataa. Kuisugua ni mapigo mawili matatu ya tupa, inakaa vizuri, mstari unakwenda, wasichana wanapata uji. Akawa anaisugua chini ya benchi, ndani ya koti, anapuliza vumbi, anafuta kwa tambara. Nikamwambia, sasa kama ulifuta, shaba imetoka wapi? Akanitazama na macho ya mtu aliyepotea njia.

"Tambara halitoshi. Tambara halijatosha hata siku moja, ndiyo maana tunaosha. Kwetu kuosha kunakuja baada, Glafira. Maisha yangu yote nimesugua, wakaja wakaosha. Hapa pipa liko kabla yangu. Nimelipita kila siku asubuhi, nimemsalimia yule mtoto kila siku, na mkono wangu haukulijua hilo."

Nililielewa lile neno mara moja, na ndilo lililonitisha kuliko yote, kwa sababu ni la kipumbavu mno. Kapteni gani angeliamini? Mwanamke wa mji kama mimi asingelifanya kosa lile, maana hakujua namna nyingine. Kosa lile lilihitaji fundi aliyezeeka kazini.

Na bado hakuwa amemaliza. Baadhi ya injini zile ziliungurumishwa zikapita. Vumbi lilikuwa kidogo, au lilikuwa bado halijafika pabaya. Zilishapakiwa. "Ziko njiani," akasema. "Zinakwenda kuwekwa kwenye ndege. Kuna kijana atakaa nyuma ya kile kitu." Akajifunika uso.

Nilimwambia anyamaze. Naam, nilimwambia, na msinitazame hivyo. Nilimwambia akitupe kile chuma chake mtoni, kwenye tundu la barafu, na asifumbue mdomo mpaka kifo. Nilimwambia Taya wameshamchukua, na akienda yeye hawatamrudisha, watawapiga risasi wote wawili, na mimi ninayelala upande wa pili wa shuka nitakuwa wa tatu. Ndivyo mambo yalivyokuwa siku zile, wala sikutia chumvi. Nilikuwa na mume vitani na mama kijijini. Yeye akaitikia kwa kichwa, akasema nasema kweli, akaniomba radhi kwa kuniletea balaa nyumbani. Kisha akala kiazi kimoja, nikajua amekubali.

Siku zilizofuata alifanya kazi kama alivyoagizwa. Vipande vilivyokaza alivitia kwenye kreti nyekundu kama vile vinamchoma. Penye pipa waliweka mwanamke mwingine, mwenye kwao kusafi. Mjomba Savvich alikonda mbele ya macho yangu, na alianza kushtuka akiguswa. Mimi pia. Mtu akipanda ngazi za nyumba yetu kwa viatu vizito, sote wawili tulinyamaza mpaka apite mlango wetu.

Ndipo ukaitishwa mkutano. Zamu mbili pamoja, mchana, katikati ya karakana, injini zimefunikwa maturubai. Katibu wa chama alisimama juu ya sanduku, kapteni amekaa nyuma yake kwenye kiti na leso yake, Mhandisi Berdnikov kando, hajanyoa. Katibu alisoma maneno marefu kuhusu nyoka waliojificha kifuani mwa taifa. Nilisikia jina la Taya na jina la baba yake. Mwisho akauliza ni nani wanaounga mkono kwamba mhujumu huyu apewe adhabu ya mwisho. Hilo halikuhitaji kufafanuliwa. Adhabu ya mwisho ilikuwa moja.

Mikono ikapanda. Yangu ilipanda, na ya waliokuwa mbele yangu, na ya nyuma yangu, msitu mzima. Ya Mjomba Savvich, aliyekuwa ubavuni kwangu, ilipanda nayo. Nikashusha pumzi.

Katibu akahesabu kwa macho, akasema, "Wote. Shusheni."

Tukashusha. Mkono wa Mjomba Savvich ukabaki juu.

Nilidhani hakusikia. Nikamvuta koti, nikamnong'oneza ashushe mkono. Nikamvuta tena kwa nguvu, mpaka kifungo kikakatika. Hakunitazama. Katibu akamwuliza, Ndugu mzee, una nini?

"Nina neno," akasema. Sauti ilitoka kama ya mtoto. Akajaribu tena. "Msichana aliosha. Aliosha vizuri. Shaba ni yangu."

Akainama, akachomoa tupa kutoka butini, akainyanyua. Waliomzunguka wakarudi nyuma, mkupuo mmoja, akabaki amesimama peke yake kwenye duara la sakafu tupu. Mimi nami nilirudi nyuma. Akaeleza, kwa kukwama kwama, lile la kuosha kabla na kuosha baada. Nikaona suruali yake inalowa, kuanzia juu kwenda chini, maji yanaingia kwenye buti, na yeye anaendelea kueleza. Hofu haikumwachia hata kidogo. Alieleza nayo hivyo hivyo.

Kapteni alikuwa ameanza kunyanyuka. Lakini Mhandisi Berdnikov alimtangulia kwa kelele, "Zipi? Zipi, Yefim Savvich?"

"Nimezitia nukta," mzee akasema. "Chini ya namba, kushoto. Ndogo."

Mafundi wa zamani walikuwa na desturi hiyo, kila mmoja alitia alama yake kwenye kazi aliyoisugua kwa mkono wake. Alikuwa anavunja sheria kwa siri, halafu anaitia sahihi! Sijui nicheke au nilie nikikumbuka. Berdnikov alikimbia, bila kofia, tukamwona anavuka uwanja wenye theluji kuelekea reli, ambako mabehewa yalikuwa bado yanangoja kichwa cha treni. Kapteni alishuka polepole, akaipokea tupa kwa leso, akamwambia mzee atangulie.

Zile zilizokuwa kwenye reli zilipatikana, zikafunguliwa, zikaoshwa. Zilizokwisha ondoka walizifuata kwa simu za upepo, uwanja hadi uwanja, na zikapatikana nazo, isipokuwa moja. Kuhusu hiyo moja Berdnikov hakutuambia neno, na hakuna aliyethubutu kumwuliza. Kisha wakaweka pipa la pili baada ya benchi la Mjomba Savvich, na lilikaa hapo mpaka vita vinaisha.

Chumbani kwangu walikuja watu wawili, wakapekua upande wake wa shuka, wakapekua na upande wangu. Walichukua kifurushi chake. Nilisema sijui, sikuona, sikusikia, na nilisema hivyo nikitazama sakafu. Hawakunichukua. Kwa nini hawakunichukua sikuelewa, maana mtu alilala hatua chache kutoka kwangu, na kwa kesi ndogo kuliko hiyo watu walikwenda nyumba nzima. Kwa wiki nyingi nilikunja nguo za joto kwenye kifuko karibu na mlango. Baadaye tulisikia kwamba Mjomba Savvich hakupigwa risasi. Mhandisi alimsemea, wanasema, akasema ni upumbavu na si hujuma, na kusema hivyo kulikuwa ni kujiweka kitanzini mwenyewe. Mzee alipewa miaka kumi kaskazini, kukata miti, katika umri ule. Nilikwenda stesheni na kipande cha mkate. Hawakuniruhusu kukaribia behewa.

Taya walimwachia theluji ilipoanza kuyeyuka. Alirudi kiwandani amenyolewa kichwa, wakampa kazi ya kufagia. Hakunisalimia. Nikimwona upande huu wa karakana yeye anahamia ule. Niliona sawa, woga nilikuwa naujua, na mimi pia sikumfuata. Kisha Jumapili moja alasiri akagonga mlango wangu. Alisimama kizingitini, kitambaa kichwani, hataki kuingia. Nilimvuta ndani kwa sababu ya jirani.

Nikamwambia akae, nitie maji ya chai. Hakukaa.

"Shangazi Glafira, sikuja kunywa chai. Kule hawakuniacha nilale. Walitaka jina la mtu aliyenituma."

Nikasema najua, wanataka hivyo kwa kila mtu.

"Niliwapa lako."

Nilikuwa nimeshika birika. Nikaliweka chini. Nikamwuliza kwa nini langu, mimi nilimkosea nini. Hasira ilinipanda mpaka masikioni, ningemzaba kofi.

"Sikuwa na jingine," akasema. "Ni wewe tu uliyekuwa unaongea na mimi. Walisema nitaje mwingine, nikamtafuta mwingine kichwani, hakuwepo." Akafuta pua kwa mkono. "Niliweka sahihi asubuhi ile ya mkutano. Kapteni alisema mkutano ukiisha wanakuja kukuchukua pale pale, mbele ya watu. Nilidhani wamekuchukua. Nilipotoka nikakuona unakaza nati, nikakimbia."

Hofu iliyonishika saa ile ilikuwa kubwa kuliko ya siku ya mkutano, ingawa mambo yalishapita na mimi nilikuwa kwangu, na miguu yangu miwili sakafuni. Ilibidi nikae kitandani. Kapteni alikuwa amekaa pale kwenye kiti chake, na jina langu mfukoni, akinitazama nikinyanyua mkono wangu kumhukumu msichana, akingoja tu tushushe mikono tutawanyike.

Mjomba Savvich hakulijua hilo. Alisimama kwa ajili ya mtoto wa watu na kijana fulani wa kwenye ndege, mimi alidhani niko salama. Alifariki kaskazini baridi ya pili. Na mimi siku ile nilimvuta koti ashushe mkono, nilimvuta kwa nguvu zangu zote.